Ujumbe Umepotelea Wapi?

Grafu ya kituo cha hali ya hewa imeganda tangu jana. Mwenye seva anafungua logi ajue programu ilikuwa ikifanya nini kabla ya kusimama, na logi nayo imekatika: ya wiki mbili zilizopita haionekani popote. Wengi wangekimbilia kuzima mashine na kuiwasha tena. Fundi ninayemsifu hapa haigusi swichi.

Ana sababu. Chukua WeeWX, programu huria iliyoanzishwa na Tom Keffer, ambayo watu wengi huiendesha kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ikiwa imeunganishwa na kituo cha Davis Vantage Pro2, kirekodi cha kituo kinabeba rekodi 2,560. Rekodi moja kila dakika 5, hizo ni karibu siku 9 za mvua, upepo na joto zilizotunzwa nje ya seva. WeeWX ikirudi kazini huzisoma na kuziba pengo. Vipimo, basi, vinaweza kusubiri. Ushahidi hausubiri: folda ya /var/log/journal isipokuwepo, kwa mpangilio wa kawaida journald, programu ya Linux inayokusanya logi, huandika kwenye /run, yaani kwenye RAM, na mashine ikizimwa kila kilichokuwa humo kimekwenda.

Anaanza kwa kutuma ujumbe wa majaribio. Anaandika amri ya logger na maneno yoyote mbele yake, kisha anaufuata ujumbe huo njia nzima. Unaingia kwenye soketi ya /dev/log, unapokewa na journald, unapitishwa kwa rsyslog, programu nyingine ya logi, kama ipo, nayo inaulinganisha na kanuni zake na kuuandika kwenye faili. Ni kazi ya fundi bomba: fungulia maji mwanzo wa mtaa, uone yanakatikia wapi. Je, journalctl, amri ya kusoma logi za journald, inauonyesha? Basi nusu ya kwanza ni nzima. Faili ya /var/log/syslog haipo kabisa? Huenda mashine imewekewa Debian 12, toleo la 2023, ambalo haliji na rsyslog. Hakuna kilichoharibika, logi zimehamia kwa journald. Faili ipo ila haiongezeki? Anaangalia folda ni ya nani. Kwenye Ubuntu, rsyslog huendeshwa na mtumiaji aitwaye syslog, na folda ya /var/log/weewx ikiwa ya mwingine, haiandiki kitu humo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba habadilishi vitu viwili kwa mpigo. Anarekebisha kimoja, anatuma ujumbe tena, anasoma, ndipo anaendelea.

Kwenye mashine hii ujumbe unafika kwa rsyslog na haulalamikiwi popote, lakini faili yake haipo. Na diski imejaa. Amri ya df inasema asilimia 100. Amri ya du, ikijumlisha faili zote, haifiki hata nusu. Hapa ndipo ufundi unapojitenga na mazoea. Mtu aliiacha WeeWX katika hali ya kueleza kila hatua, logi ikavimba, akaifuta kwa rm. Jina likatoka kwenye folda, ila rsyslog ilikuwa bado imeishika faili wazi, na Linux hairudishi nafasi mpaka mshikaji wa mwisho aachie. Wiki mbili nzima mistari imekuwa ikiandikwa kwenye faili isiyo na jina. Diski ilipojaa, hifadhidata ya vipimo nayo ikakosa pa kuandika, grafu ikaganda. Matatizo yalionekana mawili, kumbe ni moja.

Fundi anaandika lsof +L1 na kupata orodha ya faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikwa, pamoja na namba ya mchakato unaozishika. Kabla ya kuachilia chochote anachomeka flashi na kuinakili faili ile kupitia /proc, ndani ya folda ya mchakato huo. Wiki mbili za logi, ambazo kila mtu alidhani hazikuandikwa, zinatoka nzima. Angewasha upya mashine mwanzoni, zingepotea moja kwa moja. Sasa anaipa rsyslog ishara ya HUP ifungue faili upya, na nafasi inarudi hapo hapo.

Bado kuna suala la saa. Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa inayotembea umeme ukikatika. Zikiamka hushika saa iliyohifadhiwa mwisho mpaka mtandao uzirekebishe, na mistari ya dakika hizo inabeba saa ya uongo. Muundo wa kale wa syslog, mfumo ambao Eric Allman aliuanzisha Berkeley miaka ya 1980, hauandiki mwaka wala ukanda wa saa. Afrika Mashariki hili lina uzito wake, maana mvua ya siku husomwa saa tatu asubuhi, yaani 06:00 UTC. Mvua ya saa moja asubuhi ikiandikwa 07:00, kisha msomaji akadhani ni UTC, inavuka mpaka na kuhesabiwa siku inayofuata. Kwa hiyo fundi anapanga matukio kwa sekunde zilizopita tangu mashine iwake, ambazo journalctl huzionyesha, na saa ya ukutani anailinganisha baadaye.

Kuwasha upya kunakuja mwisho, kwa makusudi. Anaunda /var/log/journal, anaweka kikomo cha ukubwa ili logi zisimalize kadi ya SD, anatuma ujumbe wa majaribio, anawasha upya, na kutazama kama ujumbe wa kabla ya kuzima bado upo. Ukiwepo, anaiacha WeeWX ivute rekodi zilizokosekana, huku akiandika juu ya kila mstari alioubadilisha kwenye mipangilio: lini, na kwa nini.