Kupandisha Kasi Kadi ya Michoro: Jinsi ya Kuitambua Kazi Nzuri

Anayejisifu kwamba kadi yake inafika megahezi 2,100 bado hajaniambia kitu. Inafika hapo kwa volti ngapi? Kwa joto gani, katika chumba chenye nyuzi ngapi? Na baada ya saa tatu za mchezo, bado iko palepale au imeshateremka kimyakimya? Ubora wa ovakloki, yaani kasi iliyopandishwa, umo katika majibu ya maswali hayo, na mara nyingi kadi inayostahili sifa ni ile yenye namba ndogo kuliko inayopigiwa debe.

Sababu imo ndani ya kadi zenyewe. Tangu NVIDIA ilipoleta GPU Boost mwaka 2012 pamoja na kadi ya GTX 680, kasi ya chipu haikuwa tena namba moja iliyofungwa. Kadi hujipandisha yenyewe mpaka igonge ukomo wa wati, wa joto au wa volti. RTX 3060, kwa mfano, imeandikiwa megahezi 1,777, lakini ukiipa mchezo mzito aghalabu utaiona inavuka 1,850 bila kuguswa na mtu. Kiwanda kimekwisha kuchukua sehemu kubwa ya nafasi iliyokuwapo. Kilichobaki kwa fundi ni kidogo, kwa kadi nyingi asilimia 5 hadi 10 za fremu, na kidogo hicho kinataka mkono makini.

Kuhusu zana hakuna mengi ya kusema. MSI Afterburner ni ya bure na hufanya kazi hata kwa kadi za makampuni mengine. Wenye kadi za AMD hupata vitelezi vya aina hiyo ndani ya programu ya Adrenalin. HWiNFO itakusomea vihisi. Anza kwa kuipima kadi kama ilivyotoka kiwandani, uandike fremu, wati, joto na kasi ya feni, maana bila namba za mwanzo huwezi kujua umepata nini wala umekilipia kwa nini.

Kazi ya mwanagenzi huonekana mara tu programu inapofunguliwa: kila kitelezi kimesukumwa kulia hadi mwisho. Fundi aliyeiva hubonyeza Ctrl na F, akaingia kwenye mchoro wa volti na kasi, ambao NVIDIA iliufungua kwa watumiaji kwa kadi za Pascal mwaka 2016. Humo kila kiwango cha volti kina kasi yake. Nguvu inayoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Ukishusha volti kutoka 1.05 hadi 0.90 na kasi ikabaki ileile, umepunguza karibu asilimia 27 ya nguvu inayotumika kuwasha na kuzima transista. Kadi iliyokuwa imekwama kwenye ukomo wa wati sasa inapata nafasi. Ni kama lori linalopanda mlima wa Kitonga: lililozidiwa halisaidiwi kwa kukanyaga mafuta, bali kwa kupunguziwa shehena.

Kwa hiyo nikioneshwa RTX 3060 mbili, moja ikishika 1,850 kwa volti 0.9 kuanzia mwanzo wa mchezo hadi mwisho, nyingine ikigusa 2,050 dakika mbili za kwanza kisha ikawa inapanda na kushuka, sina shaka naichagua ipi. Ya kwanza ina feni tulivu na mtiririko ulionyooka. Namba hizo si amri. Chipu mbili za toleo moja, hata zilizotoka kiwandani siku moja, hazilingani, na anayenakili mchoro wa mwenzake hajafanya kazi bado. Kadi za kizazi hicho hupanda kwa ngazi za megahezi 15, basi hakuna haja ya kuhangaika na tofauti ndogo kuliko hiyo. Chagua kiwango cha volti, weka kasi ya wastani, pima, panda ngazi moja, pima tena. Ikianguka, rudi ngazi mbili chini. Hiyo ngazi ya pili wengi huionea uchoyo, ilhali ndiyo inayotenganisha kadi iliyofaulu jaribio na kadi unayoweza kuitegemea usiku mzima.

Tazama pia muda wa kila fremu, sio wastani wa fremu peke yake. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha inafika baada ya milisekunde 16.7. Kadi inaweza kutoa wastani wa 66 huku mara kwa mara picha moja ikichelewa milisekunde 50, na jicho litakiona kile kikwazo kabla hujaisoma namba. Washa RivaTuner, inayokuja pamoja na Afterburner, na uangalie mstari wake wa muda wa fremu wakati wa kucheza. Mstari bapa kwa fremu 60 ni bora kuliko mstari wenye meno kwa 66, na hapo sitaki mjadala.

Memori ndiyo inayowadanganya hata watu wazoefu. Chipu ikizidiwa, mara nyingi utajua: skrini huganda au huwa nyeusi, na Windows, isipopata jibu kwa sekunde 2, huwasha upya kiendeshi cha kadi. Memori ikizidiwa, kwa kawaida huonesha vidoa vinavyometameta, pembetatu za ajabu, rangi zinazoruka. Lakini kadi zenye GDDR6X, kuanzia RTX 3080 na 3090 za mwaka 2020, hugundua data iliyoharibika na kuituma tena. Picha inabaki safi kabisa huku kazi ikirudiwarudiwa, na fremu zinapungua wakati mwenye kadi anaamini ameongeza kasi. Dawa yake ni daftari. Ongeza memori kwa megahezi 100 kila hatua na uandike alama za jaribio moja lilelile, kama vile Superposition ya Unigine. Alama zikiacha kupanda, umeshavuka mpaka hata kama huoni doa lolote. Rudi nyuma.

Je, mtu akikuambia kadi yake imetulia, umwamini kwa ushahidi gani? FurMark pekee haitoshi. Inaichemsha kadi kweli, ila huisukuma haraka kwenye ukomo wa wati hadi kasi inashuka, kwa hiyo inapima upoozaji kuliko uthabiti wa kasi ya juu. Jaribio la msongo la 3DMark Time Spy ni zuri zaidi: hurudia onesho mara 20 na kudai uthabiti wa fremu wa asilimia 97. Kisha cheza. Mchezo wenye ufuatiliaji wa miale, kama Cyberpunk 2077, huamsha sehemu za chipu ambazo michezo ya kawaida haizigusi, na kadi iliyokuwa imara jana huanguka humo. Usisahau skrini za kupakia na menyu, ambapo mzigo ni mwepesi na kasi huruka ghafla hadi kilele cha mchoro. Ukiulaza mchoro uwe bapa baada ya kiwango chako cha volti, umeondoa hatari hiyo. Mwisho fungua Event Viewer ya Windows utafute tukio namba 4101. Huko huandikwa kila mara kiendeshi kilipoanguka na kuinuka, hata mwenye kompyuta akiwa amesahau.

Msomaji wa pwani ana hesabu ya ziada. Kipozaji hakishushi joto chini ya joto la chumba. Kadi iliyopimwa nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 21 itakaribia 80 katika chumba cha nyuzi 31, kazi ikiwa ileile. Kadi nyingi za NVIDIA hulenga kutovuka nyuzi 83, na huanza kupunguza kasi ngazi kwa ngazi mapema kabla ya hapo. Mipangilio iliyotulia Mbeya mwezi Julai ipimwe upya ikifika Dar es Salaam mwezi Februari. Nikihukumu kadi, naangalia tofauti kati ya joto lake na la chumba, na feni zinapiga kelele kiasi gani kuipata tofauti hiyo.

Umeme nao usipuuzwe, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari ya moto. Tundu la bodi kuu limeidhinishwa kutoa wati 75, kiunganishi cha pini 6 wati 75, cha pini 8 wati 150. Jumlisha vya kadi yako kabla ya kuongeza ukomo wa wati. Sikubali adapta inayotoa pini 8 kutoka kwenye waya mwembamba wa diski, wala pawa saplai isiyo na lebo ya wati za mstari wa volti 12. Kiunganishi kiingie mpaka mwisho. Viunganishi vya baadhi ya RTX 4090 viliyeyuka mwaka 2022, na kutoingizwa kikamilifu kulitajwa miongoni mwa sababu. Kucheza na vitelezi vya programu, kwa kawaida, kutaishia kwenye kompyuta kuganda. Kuandika upya BIOS ya kadi au kulehemu vipinga ili kudanganya vipimo vya umeme ni kuondoa kinga ambazo mhandisi aliziweka kwa sababu, na sioni fremu zinazostahili hilo.

Ukinunua kadi iliyotumika, hasa RX 570 na 580, kumbuka kwamba nyingi zilichimba Ethereum, mpaka uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022. Baadhi yake zilibadilishwa BIOS ili memori ikimbie na chipu itulie. Fungua programu ya GPU-Z, linganisha kasi zake na za kiwanda za modeli hiyohiyo, kisha omba uione ikicheza mchezo mzito kwa nusu saa, kifuniko cha kompyuta kikiwa kimefungwa.