"Mkabala Mwepesi": Istilahi Inayopotosha

Mfasiri akutanapo na neno "ajaili", lihusulo usimamizi wa miradi ya programu tumizi, huvutwa na kamusi aandike "mkabala mwepesi". Tafsiri hiyo yalifaa neno lakini yaikosa dhana. Katika Kiswahili, kazi nyepesi ni ile isiyo na uzito wala taabu, au imalizikayo upesi. Mtumishi wa serikali aisomapo katika mkataba atadhani ameahidiwa haraka na gharama ndogo.

Dhana yenyewe ni nyingine. Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko la kuthamini programu inayofanya kazi kuliko wingi wa nyaraka, na kuyakubali mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Kazi hugawanywa katika vipindi vifupi, aghalabu visivyozidi mwezi. Kila kipindi kiishapo, mtumiaji huonyeshwa kilichokwisha kufanywa, naye hukosoa.

Tuipime istilahi hiyo Buigiri, wilayani Chamwino, penye shule ya msingi ya wanafunzi wasioona. Tuseme yatakiwa programu ya kuwasomea vitabu kwa sauti. Mtengenezaji mwenye macho hawezi kuyakisia mahitaji yao yote tangu mwanzo. Hana budi kurudi kwao mara kwa mara, wasikilize, waseme lipi limewakwaza. Kazi hiyo si nyepesi hata kidogo.

Wengine watasema "mkabala wa awamu". Nao hautoshi, kwa kuwa hata njia ya zamani, ambayo mpango wote hufungwa kabla ya kazi kuanza, ina awamu zake. Njia hiyo yafaa bado pale mahitaji yajulikanapo yote na yasipobadilika. Kwa hiyo istilahi haina budi kuzitenga njia hizi mbili, ili mwenye kuchagua ajue achaguacho.

Mfano wa kuigwa tunao katika elimu hiyo hiyo ya wasioona: nukta nundu. Istilahi hii haikulichukua jina la Louis Braille wa Ufaransa. Ilitaja kile ambacho kidole hukigusa. Kwa kufuata mwendo huo, twapendekeza "mkabala wa mizunguko mifupi", na kila kipindi kiitwe "mzunguko". Ni jina refu kidogo, lakini lasema linalotendeka. Afisa atakayelisoma mkatabani ataweza kuuliza: mizunguko ni mingapi, na ni nani atakayerudi Buigiri kila mzunguko uishapo? Neno "mwepesi" halimpi sababu ya kuuliza hayo.