Haya, Woga na Ubunifu: Mtoto Mnyamavu katika Fasihi ya Darasani

Wahakiki wa fasihi ya watoto katika Afrika ya Mashariki aghalabu hushughulikia yale ambayo mtoto husomewa; ni wachache wanaojali yale ambayo mtoto mwenyewe huyasema. Kwa sababu hiyo mtoto mnyamavu, yule aketiye nyuma ya darasa na kuinamisha uso aulizwapo swali, hupita katika maandishi yao kana kwamba hayupo. Madhumuni ya makala haya ni kupima tanzu tatu zitumikazo shuleni, yaani kitendawili, ngonjera na insha, kwa kipimo kimoja tu: kila utanzu humpa mtoto wa namna hii nafasi gani ya kuwa msemaji?

Kwanza hapana budi kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa mno. Haya, katika mila za Waswahili, si kasoro. Ni sifa ya mtoto aliyelelewa vyema, na kumwambia mtu kwamba hana haya ni kumtukana yeye na waliomlea. Woga ni jambo jingine. Mwenye haya hungoja zamu yake ya kusema. Mwoga analo la kusema, lakini amefunzwa kwamba ulimi wake utamponza. Mwalimu hana kazi ya kumwondolea mtoto haya. Kazi yake ni kumwondolea woga.

Woga huo una historia. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anaeleza jinsi shule zilivyobadilika baada ya Hali ya Hatari kutangazwa nchini Kenya mwaka 1952. Mtoto aliyepatikana akisema Kigikuyu shuleni aliweza kuchapwa viboko, au kuvikwa shingoni kipande cha bati chenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Lakini katika sura hiyo hiyo Ngũgĩ anawakumbuka watoto waliosikiliza hadithi jioni kando ya moto, kisha kesho yake wakazisimulia upya kwa watoto wenzao shambani walipokuwa wakichuma pareto, majani ya chai au kahawa. Picha hizi mbili zikiwekwa pamoja zinatoa hoja nzito: mtoto aliyekuwa bubu darasani huenda alikuwa fanani shambani. Unyamavu wake haukuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Ulikuwa zao la mahali aliposimama na lugha aliyotakiwa kuitumia.

Katika tanzu tatu zilizotajwa, kitendawili ndicho kinachompa mtoto mamlaka kamili zaidi. Anayesema "Kitendawili!" hujibiwa "Tega!", na tangu hapo hadhira yote imo mikononi mwake, wakubwa kwa wadogo. Wakishindwa kufumbua hudai apewe mji, nao hawana budi kumpa. Utaratibu wenyewe wamlinda: maneno ni machache, zamu yake haiingiliwi, na jibu analijua yeye peke yake. Udhaifu wa vitabu vingi vya darasani ni kuvipanga vitendawili katika orodha pamoja na majibu yake ili vikaririwe. Hapo anayetega ni kitabu, na mtoto amerudishwa katika kazi yake ya zamani ya kujibu maswali.

Ngonjera ina hali ngumu zaidi kuihukumu. Mathias Mnyampala aliyeukuza utanzu huu, na ambaye Ngonjera za UKUTA zake zilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliutumia kueneza mafunzo ya siasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Muundo wake wajulikana: asiyejua hubishana na ajuaye hadi akubali. Wapo wanaodai kwamba utanzu kama huo hauwezi kukuza ubunifu, kwa kuwa mwisho umekwisha kuamuliwa na mtunzi. Hoja yao ni ya kweli kwa upande wa matini, lakini haitoshi kwa upande wa utendaji. Mtoto mwoga akipewa nafasi ya mbishi anaweza kupaza sauti, kukaidi na hata kumkejeli mkubwa, na lawama yote ikamwangukia mhusika. Huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, msaada huo una mpaka. Mtoto anayekariri mbele ya waamuzi wa tamasha beti zilizotungwa na mwalimu wake ameipata sauti, bali maneno bado si yake.

Insha ndiyo iliyopaswa kumpa maneno yake, kwani mnyamavu huweza kuandika asichothubutu kutamka. Lakini nchini Kenya insha ilitawaliwa kwa miaka mingi na mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Watahiniwa walifunzwa kuhifadhi mianzo ya kupendeza, tashbihi na methali za kupachika popote, na matokeo yake ni insha zinazofanana kama maji na maji. Mtoto mwenye habari ya kweli kuhusu ng'ombe wa babu yake aliiacha, akaandika juu ya asubuhi ambayo hakuiona.

Mtaala wa umilisi uliofuata umeipa sanaa ya ubunifu nafasi rasmi, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini somo kuitwa la ubunifu hakulifanyi liwe hivyo. Ipo haja ya kuacha kitendawili kitegwe na mtoto, ngonjera itungwe na wanafunzi wenyewe wakiwamo wanaoupinga upande wa mwalimu, na insha isomwe na aliyeiandika mbele ya wenzake kabla ya kutiwa alama. Mhakiki naye ana wajibu wake: azichunguze kazi za watoto kwa makini yale yale anayowapa watunzi wakubwa. Mtoto hujua upesi kama anayemsikiliza anasikiliza habari yake au anahesabu makosa yake.