Vuli Si Uzee: Taswira ya Majani Yanayopukutika

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, uzingatie mshororo huu tulioutunga kwa ajili ya mjadala: "Vuli yangu imefika, jembe langu nipatie." Ukitakiwa kueleza maana ya "vuli" hapa, utajibuje? Aliyezoea ushairi wa Kizungu huenda akajibu kwamba nafsineni amezeeka na anangoja kifo.

Jibu hilo lina chimbuko lake. Katika soneti ya 73, iliyochapishwa mwaka wa 1609, Shakespeare aliyatumia majani ya manjano yanayopukutika kuashiria uzee. Kwao ishara hiyo ina mashiko. Mjini London, mchana wa Juni huzidi saa 16, ilhali wa Desemba haufiki saa 8. Mwanga unapopungua kuanzia Septemba, miti mingi hupoteza rangi ya kijani, manjano ikajitokeza, kisha majani huanguka. Baadhi ya wafasiri huyaita majira hayo "vuli". Hapo ndipo utata unapozuka.

Sasa twende Mutuini, magharibi mwa Nairobi. Huku mchana huwa takriban saa 12 mwaka mzima. Mjakaranda hupukutisha majani kwa sababu ya ukavu unaofuata kipupwe, wala si kwa uhaba wa mwanga. Ifikapo Oktoba huvaa maua ya zambarau. Vuli nayo ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na mwenye kishamba huzitarajia ili apande maharagwe. Jani likidondoka Septemba, yeye hutazama mawingu. Kwa hivyo, nafsineni wetu hajakata tamaa: anadai jembe kwa kuwa wakati wake wa kuanza upya umewadia.

Je, tuikatae kabisa maana ya uzee? Hasha! Mshairi ana uhuru wa kuazima. Endapo "vuli" imeandamana na mvi, mkongojo na jua linalotua, uzee utakubalika. La msingi ni kwamba ishara haina maana moja ya kukaririwa. Maneno jirani ndiyo mashahidi wake. Mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu na ataje ishara, adondoe neno linalothibitisha, kisha ndipo aeleze maana.

Funzo hili lafaa katika insha pia. Mwanafunzi wa Mutuini anayesawiri misitu mizima ikigeuka mekundu mwezi wa Oktoba ameazima macho ya watu. Na asawiri ukungu wa Julai, masweta asubuhi, na zulia la zambarau chini ya mijakaranda. Uzuri huo anao mlangoni.

Zoezi: Tunga beti mbili. Katika ubeti wa kwanza, jani linaloanguka liashirie mwisho; katika wa pili, liashirie mwanzo. Bainisha maneno yaliyoleta tofauti hiyo.