Nyimbo Kumi za Siku Moja

Tarehe 6 Oktoba 1988, katika studio ya John Keane mjini Athens, jimbo la Georgia, kijana wa miaka 23 aitwaye Vic Chesnutt aliimba nyimbo zake huku akijipigia gitaa, na siku ilipokwisha albamu yake ya kwanza ilikuwa imesharekodiwa. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Michael Stipe, mwimbaji wa bendi ya R.E.M., ambayo mwezi mmoja tu baadaye ilitoa albamu yake ya Green na kuzidi kupaa. Nyimbo za Chesnutt hazikuwa na haraka hiyo. Zilikaa hadi 1990 ndipo lebo ndogo ya Texas Hotel ikazitoa kwa jina la Little. Hazikuvuma. Hata leo wapo wapenzi wa roki mbadala wanaoweza kukutajia albamu za R.E.M. kwa mpangilio wa miaka, lakini hii hawajawahi kuisikia.

Walioisikia hawajaafikiana. Wengi waliifikia kwa kumfuata Stipe, na wakashangaa kukuta hakuna ngoma zinazosukuma wala gitaa la umeme linalonguruma. Wengine walifika baadaye, kupitia albamu ya mwaka 1996 iliyoitwa Sweet Relief II, ambamo R.E.M., Madonna, Garbage, Smashing Pumpkins na wengine waliimba tungo za Chesnutt ili kuchangia mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wenye gharama za matibabu. Hao walikuwa wameshazizoea tungo zake zikiwa zimevishwa vyombo vingi na sauti zilizosafishwa. Walipomrudia mtunzi mwenyewe katika kazi yake ya mwanzo, waliona kama wameletewa rasimu. Malalamiko yao ni yale yale: sauti inapasuka, mwendo haujatulia, gitaa linapigwa kwa namna moja kila wimbo, na studio haikufanya kazi ya kutosha. Lipo pia kundi dogo linaloshikilia kwamba Chesnutt hakufanya tena kitu kilicho kamili kama hiki. Mimi ni wa kundi hilo. Lakini siwezi kuwapuuza wanaolalamika, kwa sababu karibu kila wanachokisikia kipo kweli. Tofauti yetu ni moja tu: wao wanakisikia kama upungufu, mimi nakisikia kama ufundi.

Tuanze na mkono. Chesnutt alizaliwa Jacksonville, Florida, mwaka 1964, akakulia Zebulon, mji mdogo wa Georgia, na gitaa alifundishwa na babu yake. Mwaka 1983, akiwa na miaka 18, alipata ajali ya gari iliyomwachia ulemavu wa maisha. Tangu hapo alitembelea kiti cha magurudumu. Mikono ilirejewa na nguvu kidogo, vidole havikurudi kama vilivyokuwa. Alipolishika gitaa tena aligundua kwamba mikao mingi aliyoijua haiwezekani, ikabaki ile michache iliyo rahisi. Katika Little unamsikia akitumia gitaa lenye nyuzi za nailoni, ambazo ni laini kuliko za chuma na mlio wake ni mzito na mfupi. Anakwangua, anasita, anakwangua tena. Hakuna kucharaza kwa mbwembwe, kwa sababu mkono hauna mbwembwe za kutoa.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Mshairi wetu hufungwa na mizani nane kabla ya kituo na nane baada yake, tena na kina cha kati na cha mwisho, na ndani ya kifungo hicho ndimo anamojulikana kama ni mshairi au ni mpanga maneno. Chesnutt hakuchagua kifungo chake, lakini alikitumia kama mshairi anavyotumia mizani. Kwa kuwa gitaa halikuweza kubadilika mara kwa mara, ilimbidi kitu kingine kibadilike, na kitu hicho ni neno. Katika mstari mmoja atasukuma silabi nyingi kwa pupa, kama mtu anayetaka kumaliza kusema kabla hajakatizwa. Mstari unaofuata atachukua silabi moja na kuivuta hadi ipinde, kwa lafudhi ile ya kusini mwa Marekani inayogeuza irabu moja kuwa mbili au tatu. Gitaa linamsubiri. Likiingia tena, linaingia pale ambapo sentensi imepata maana yake, hata kama hesabu ya mapigo ilidai liingie mapema zaidi. Ndiyo maana wanaolalamika kuhusu mwendo wanasema kweli: mwendo haujatulia. Haukukusudiwa kutulia. Umeshikwa na msemaji, ukamwacha mpigaji afuate.

Sikiliza wimbo wa kwanza, uliopewa jina la Isadora Duncan. Mwimbaji anasimulia ndoto: alikuwa akicheza dansi na mwanamke huyo. Duncan alikuwa mchezaji mashuhuri wa Marekani aliyeitoa dansi katika viatu vya baleti akacheza pekupeku, na alifariki mwaka 1927 mjini Nice, Ufaransa, baada ya shali yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari alilopanda. Sasa weka pamoja mambo hayo: kijana aliyevunjwa na gari, aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, anaota anacheza na mchezaji aliyeuawa na gurudumu. Mtunzi mwingine angetumia beti tatu kukueleza uhusiano huo. Chesnutt hagusi ajali yake wala ya Duncan kwa namna ya kukuomba uione. Analitaja jina, anaisimulia ndoto, anakuachia wewe ujue au usijue. Asiyejua lolote atapata wimbo mzuri wa ndoto. Anayejua atapata kitu kinachokata pumzi, tena atakipata kimya kimya, bila kusukumwa. Kuamua nini kisisemwe ndiyo sehemu ngumu ya utunzi, na watunzi wengi huchukua miaka kuifikia. Yeye alikuwa nayo tayari katika wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza.

Ufundi huo hakuuokota njiani. Baada ya ajali aliishi kwa muda Nashville, na huko alisoma washairi kwa bidii: Walt Whitman, Emily Dickinson, Wallace Stevens, W. H. Auden, na Stevie Smith wa Uingereza. Wimbo unaoitwa Stevie Smith unatoka moja kwa moja katika shairi la mwanamke huyo, Not Waving but Drowning, la mtu aliyekuwa akizama baharini huku waliokuwa ufukweni wakidhani anawapungia mkono. Kumchagua Smith kunaonyesha sikio la Chesnutt lilivyokuwa. Smith alikuwa mshairi aliyesema mambo ya kutisha kwa sauti ya wimbo wa watoto, na mwanafunzi wake wa Georgia alijifunza hilo vizuri. Katika Rabbit Box tunakutana na mtoto na kisanduku cha mbao cha kutegea sungura, mtego ambao kila mtoto wa mashamba ya kusini aliujua. Anaimba kwa maneno ya kitoto, maneno ya mtu anayesimulia alichokiona asubuhi, na mtego unabaki kuwa mtego. Sijui watunzi wengi wa roki wanaoweza kuweka neno la maktaba karibu na neno la shambani bila mojawapo kuonekana limevaa nguo za kuazima. Yeye anafanya hivyo mstari baada ya mstari.

Hapa Stipe naye apewe haki yake. Alikuwa na jina, alikuwa na marafiki wenye vyombo, na Athens, mji wa chuo kikuu uliowatoa B-52's na Pylon kabla ya R.E.M., haukupungukiwa wapigaji ambao wangekuja studioni kwa kuitwa tu. Angeweza kuzijaza nyimbo hizi. Alimsikia Chesnutt akiimba peke yake katika ukumbi wa 40 Watt, akaelewa kwamba alichokisikia ndicho kinachopaswa kurekodiwa. Sehemu kubwa ya albamu ni sauti na gitaa, na vyombo vingine vinapojitokeza havikai mbele. Pumzi zimeachwa. Kidole kinapoteleza juu ya uzi, mtelezo umeachwa. Watayarishaji wengi hawana ujasiri wa kuacha, maana kuacha hakuonekani kama kazi. Wanaosema studio haikufanya kazi ya kutosha wangejiuliza ni nini hasa kingeongezwa bila kumfunika mwenye nyimbo. Mimi kila nikijaribu kuwaza ngoma chini ya Isadora Duncan, naona ile ndoto inakatika.

Kuna wasikilizaji wa namna nyingine ambao wanaipenda albamu hii, nami bado nabishana nao kimoyomoyo. Ni wale wanaosikia kiti cha magurudumu kabla ya kusikia wimbo. Wanamsifu kwa kuvumilia, kwa kutokata tamaa, kwa kuimba licha ya hali yake. Sifa hizo zina nia njema, lakini zinampita. Katika Speed Racer, wimbo uliochukua jina la katuni ya mashindano ya magari, Chesnutt mwenyewe anakataa kugeuzwa mhanga, na anatangaza wazi kwamba hana imani ya dini, jambo zito kwa mtu aliyekulia katika miji ya makanisa kama Zebulon. Unaweza kutokubaliana naye kabisa juu ya hilo la pili na bado ukasikia jinsi alivyojenga hoja ndani ya muziki: analirudia tamko lake hadi linakuwa zito kama kiapo, na wewe unayesikiliza huna pa kuiweka huruma uliyokuja nayo. Anataka umsikilize kama mtunzi, basi.

Baada ya Little alitoa albamu nyingi. Stipe alisimamia pia ya pili, West of Rome. Moja aliifanya na kundi la Lambchop, nyingine alizifanya na wanamuziki wa Montreal waliompa kelele na uzito ambao mwanzoni hakuwa nao. Zipo zilizorekodiwa vizuri zaidi, na zipo zenye nyimbo kubwa zaidi. Mwaka 2004 kampuni ya New West ilizitoa upya albamu zake nne za mwanzo, Little ikiwamo, na kizazi kingine kikaipata. Chesnutt alifariki tarehe 25 Desemba 2009, akiwa na miaka 45.

Ukitaka kuisikiliza, nakuomba jambo moja. Usiichanganye na nyimbo za wengine katika orodha ya simu yako, maana ikikaa kati ya nyimbo zilizopigwa msasa itasikika kama kosa. Ianze mwanzo, nyimbo zote kumi kwa mpangilio wa albamu, na kama Kiingereza chake cha Georgia kinakupita, tafuta maneno uyasome huku ukisikiliza. Mara ya kwanza huenda ukawa upande wa wanaolalamika. Irudie mara ya pili kabla ya kutoa hukumu.