Miguu Ilivuka Haraka, Mikono Ikachelewa

Ukitaka kujua kama mtelezaji wa barafu anacheza peke yake au anacheza dansi na mwenzake, mtazame kisigino. Chini ya kiatu cha anayecheza peke yake, chuma hutokeza nyuma kama mkia mfupi, na mkia huo humpa pa kuegemea anapotua kutoka hewani. Chuma cha mcheza dansi mkia wake umekatwa hadi karibu na kisigino chenyewe. Wacheza dansi hupitisha miguu karibu mno, huyu akikanyaga pale ambapo mwenzake ametoa wake sasa hivi. Mkia ukizidi, vyuma vitakamatana na wote wawili watakuwa chini.

Daisuke Takahashi alivaa chuma cha aina ya kwanza tangu utotoni. Nacho alichukua shaba ya Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, na mwezi uliofuata, mjini Turin, akawa mwanamume wa kwanza kutoka Asia kutwaa ubingwa wa dunia. Mwaka 2020, akiwa na miaka 34, aliingia mashindanoni na kile cha aina ya pili, kama mcheza dansi. Miaka saba kabla yake, kijana ambaye wachache walimjua, Ryuichi Kihara, naye alikuwa ameacha kucheza peke yake, ila yeye alikwenda upande wa jozi.

Watu huzisimulia safari hizi kana kwamba ni moja: fulani alikuwa peke yake, sasa kapata mwenzake. Kiufundi ziko mbali. Takahashi alipanda jukwaa la medali la michuano mikubwa miezi 14 baada ya shindano lake la kwanza la dansi. Kihara alisubiri miaka tisa kupata medali yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Si kwamba mmoja alikuwa na kipaji na mwingine hana. Kila mmoja alibeba mtaji kutoka kwenye mchezo wa zamani, na mtaji wa mmoja ulikubalika ng'ambo, wa mwingine ukakubalika nusu.

Kwanza tujue kwa nini Wajapani walianza kuhama. Olimpiki ya Sochi, 2014, ilileta shindano la timu. Kila nchi huleta mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, jozi moja na wacheza dansi wawili. Wa kwanza katika kila kipengele hupata pointi 10, wa pili 9, na kuendelea kushuka. Kwa Japani, hesabu hiyo ilikuwa kama kuonyeshwa nyumba yenye kuta mbili za mawe na mbili za makuti. Ilikuwa na mabingwa wa mmoja mmoja wa kumwaga, lakini kwenye jozi na dansi haikuwa na watu. Yuzuru Hanyu alitwaa dhahabu yake binafsi Sochi, na timu yake ikamaliza ya tano. Mwaka 2018, Pyeongchang, hadithi ikawa ileile: Hanyu dhahabu, timu ya tano.

Njia ya kuazima mwenza kutoka nje ilikuwa imejaribiwa. Narumi Takahashi na Mervin Tran, Mkanada, walichukua shaba ya dunia mwaka 2012, jozi ya kwanza kuiletea Japani medali hiyo. Lakini Olimpiki inataka wote wawili wawe raia wa nchi moja, na Japani haimruhusu anayeomba uraia wake kubaki na wa nchi nyingine. Mwisho wa mwaka huohuo wakaachana. Ikabidi macho yageuzwe ndani: miongoni mwa vijana wanaocheza peke yao, nani ana mabega? Januari 2013 Narumi akapewa mwenza mpya, Kihara, mwenye miaka 20.

Hapa ndipo ufundi unapoanza kusema. Jozi na dansi zote ni mwanamume na mwanamke, lakini jozi huchezwa hewani na dansi huchezwa kwenye makali ya chuma. Katika jozi, mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa, mikono imenyooka, huku yeye mwenyewe akizunguka na kusafiri uwanja mzima. Humrusha ili azunguke mara tatu na kutua mwenyewe mita kadhaa mbele. Vilevile wote wawili huruka miruko ileile, sambamba, kwa wakati mmoja.

Kihara alikuja na hicho cha mwisho tu. Miruko ya sambamba ni ya mmoja mmoja iliyowekwa bega kwa bega, na kwa aliyeruka tangu utotoni shida yake ni saa tu: kuanza pamoja, kutua pamoja. Yote yaliyobaki yalikuwa mageni kwake, na ndiyo yenye alama nyingi.

Chukua kipengele kimoja, kile cha kurusha na kudaka. Wawili wanateleza kinyumenyume kwa kasi. Mwanamke anachomeka meno ya mbele ya chuma chake kwenye barafu na kuruka. Papo hapo mwanamume anamsukuma juu kutoka kiunoni, kisha anamwachia. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili, mwanamke yuko hewani peke yake, mwili umelala karibu usawa, akizunguka mara tatu. Mwanamume chini anafungua mikono na kuishusha, kisha anairudisha juu kumdaka kiunoni na kumtua kwa mguu mmoja. Akimdaka mapema, anaukata mzunguko. Akichelewa, anadaka kifua badala ya kiuno, mwanamke anamwangukia begani, na jaji anakata alama. Na muda wote huo miguu yake haijasimama. Bado inateleza.

Kwa aliyezoea kucheza peke yake, hili linapingana na kila alichofundishwa. Mruko wa mmoja mmoja ni kujikusanya: unavuta mikono kifuani, unaufanya mwili kuwa mwembamba kama mchi, unazunguka kwenye mhimili wako mwenyewe. Mwanamume wa jozi anatakiwa kufanya kinyume: kufungua mikono, kupanua kifua, na kuusimamia mhimili wa mtu mwingine ambaye hata hamwoni vizuri. Misuli ya mgongo na mabega inayofanya kazi hiyo haikuwahi kuitwa kazini kabla. Na haijengwi kwa vyuma vya mazoezi peke yake, kwani uzito wenyewe ni binadamu anayesogea, na kila mwenza mpya anasogea kivyake.

Matokeo yalionyesha hivyo. Sochi, miezi 13 baada ya kuanza, Kihara na Narumi walishika nafasi ya 18. Miaka minne baadaye, akiwa na Miu Suzaki, akawa wa 21. Jozi 16 tu ndizo zinazoruhusiwa kucheza programu ndefu ya siku ya pili, kwa hiyo katika Olimpiki mbili Kihara hakuwahi kufika siku ya pili ya shindano la jozi lenyewe. Mwaka 2019 alikuwa akifanya kibarua kwenye uwanja mmoja wa barafu Nagoya, akiwaza kuachana na mchezo.

Kiangazi hicho ndipo alipojaribiwa na Riku Miura, msichana wa miaka 17, mfupi na mwepesi, ambaye naye alikuwa na miaka kadhaa ya jozi mgongoni. Wote wawili wamesimulia kwamba kipengele kilichowaonyesha kuwa wanafaana kilikuwa hichohicho cha kurusha na kudaka. Mchambuzi hapaswi kushangaa. Mikono ya Kihara ilikuwa imekaa darasani miaka sita na wenza wawili. Miura alikuta kazi imeshafanywa. Walihamia Oakville, Kanada, kwa kocha Bruno Marcotte. Katika ubingwa wa dunia walikuwa wa 10 mwaka 2021, wa pili 2022, wa kwanza 2023, na wa kwanza tena 2025. Haki itendeke: mwaka 2022 Warusi walikuwa wamefungiwa na Wachina hawakuja. Lakini mwezi mmoja kabla yake, Beijing, ambako wote hao walikuwepo, Miura na Kihara walikuwa wa pili katika programu ndefu ya shindano la timu. Walivuna pointi 9, na mchango huo ukaiweka Japani kwenye medali, ambayo baadaye ilipandishwa kuwa fedha.

Sasa mweke Takahashi pembeni ya hayo. Katika dansi hakuna kumnyanyua mtu juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka, hakuna kurusha, na miruko mikubwa haipo. Kunyanyua kufupi kusizidi sekunde 7. Kinachopimwa ni chuma: umelalia ukingo wa ndani au wa nje kwa kina gani, unageuka bila kukwaruza barafu, goti lako linapanda na kushuka na muziki au linapanda lenyewe. Kipengele kinachoogopwa zaidi ni mizunguko ya haraka ya kusafiri kwa mguu mmoja, wawili sambamba bila kushikana. Anayechelewa nusu mzunguko anaonekana hadi viti vya nyuma.

Hapo Takahashi alikuta yuko nyumbani. Hata siku zake za kucheza peke yake, sifa yake kubwa ilikuwa hatua za miguu, si miruko. Goti lake la kulia lilipasuka kano mwaka 2008, na dansi haikulidai lile linalolitesa zaidi: kutua kutoka kwenye mruko wa mizunguko minne. Mtaji wake ulivuka bila ushuru.

Ila kulikuwa na mzigo wa kuacha mlangoni. Mchezaji wa peke yake anamiliki uwanja mzima. Akitaka kupunguza mwendo ili apumue, anapunguza. Akitaka kuwatazama watu wa upande wa kushoto, anageuza shingo. Kwenye dansi, wakati wameshikana, kifua cha mmoja kikigeuka nyuzi chache, mkono wa mwenzake unavutwa, bega linapanda, mstari unavunjika. Na nafasi kati yao inatakiwa ibaki ileile kwenye kona na kwenye mwendo wa kasi. Takahashi alipaswa kujifunza kutengeneza nafasi nyuma ya kisigino chake, kama chuma kilivyotengeneza.

Aliyemfundisha kwa vitendo, mbali na kocha Marina Zueva huko Florida, ni mwenza wake. Kana Muramoto naye alitoka mchezo wa mmoja mmoja, lakini alihama mwaka 2014, na akiwa na Chris Reed alishika nafasi ya 15 Pyeongchang. Bingwa wa zamani wa dunia ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Shindano lao la kwanza, NHK Trophy Novemba 2020, lilikuwa na timu tatu tu nao wakawa wa mwisho kwa alama 157.25. Mwaka mmoja baadaye, shindano lilelile: 179.50. Januari 2022 wakachukua fedha ya michuano ya Mabara Manne, medali ya rangi ambayo wacheza dansi wa Japani hawakuwa wamewahi kuipata. Ni kweli Wazungu wa Ulaya hawashiriki, na Wamarekani wakubwa walikuwa wakijiandaa kwa Beijing. Lakini nyongeza ya alama 22 kwa mwaka mmoja haitokani na kukosekana kwa mtu.

Kwa hiyo anayehama aulizwe maswali mawili kabla ya kununua viatu. La kwanza: kazi mpya inadai nini, miguu au mikono? Miguu iliyolelewa kwenye makali ya chuma huvuka haraka. Mikono huanza darasa la kwanza hata kama mwenyewe ni bingwa. La pili: kati ya wawili, nani anaijua njia? Na kwenye jozi haitoshi mwanamke peke yake kuijua. Narumi Takahashi alikuwa na medali ya dunia mkononi, lakini mgeni wake ndiye aliyekuwa msingi wa nyumba, na msingi haujengwi kwa miezi 13.

Kwa wanawake hesabu inageuka kidogo. Anayerushwa hutua kwa ukingo uleule wa nje, kinyumenyume, anaoutumia kutua akiwa peke yake. Kilichobadilika ni urefu wa kuruka na kwamba nguvu ya kupaa si yake. Yuko Kavaguti aliiona njia hiyo mapema. Alitoka mchezo wa mmoja mmoja, akaenda kwa kocha Tamara Moskvina, na mwishowe akaacha uraia wa Japani ili aiwakilishe Urusi Vancouver, alikomaliza wa nne. Enzi zake aliyetaka jozi ya kiwango hicho alilazimika kuondoka. Rika Kihira, aliyeshinda Fainali ya Grand Prix mwaka 2018 akiwa na miaka 16 kwa miruko ya Axel ya mizunguko mitatu na nusu, alivunjwa moyo na kifundo cha mguu wa kulia. Mwaka 2025 alielekea kwenye dansi na Shingo Nishiyama, mtu wa dansi tangu ujana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukimpima kwa maswali yetu mawili, anayajibu yote: kazi ya miguu, na mwenza anayeijua njia.

Machi 2023, katika ubingwa wa dunia, Saitama, safari hizi mbili zilikutana kwenye barafu moja. Kihara, miaka 30, alishuka na dhahabu. Takahashi, miaka 37, alimaliza wa 11, sawa na nafasi bora kabisa ya dansi ya Japani katika ubingwa huo, ile ambayo Muramoto aliifikia na Reed mwaka 2018. Mwezi Mei akatangaza kustaafu. Miguu yake ilimfikisha upesi mahali ambapo kila mtu ana miguu kama yake, na wengi wa waliokuwa mbele yake walikuwa wameshikana mikono miaka mingi. Dhidi ya miaka hiyo, Takahashi na Muramoto walikuwa na misimu mitatu tu.