Namna ya Kumpima Mwigizaji Mkongwe

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya, mpime mwigizaji mkiwa ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Barabara inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Dereva anapunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, abiria wamegeukia madirishani kutafuta twiga, na kwenye runinga ya mbele filamu ya vichekesho inaendelea huku sauti yake ikimezwa na injini. Wewe baki na runinga. Mwigizaji unayemwelewa bila kumsikia, huyo ameiva.

Mchekeshaji King Majuto, jina lake halisi Amri Athumani, alikuwa wa namna hiyo. Mzaliwa huyu wa Tanga wa mwaka 1948 alikuwa mtu wa jukwaa miaka mingi kabla ya kamera kumfikia, na jukwaani mtu huzoea kuigiza kwa mwili mzima ili hata aliyekaa nyuma kabisa apate haki yake. Mtazame hasa pale mwenzake anapozungumza. Waigizaji wengi hapo husubiri tu zamu yao, macho yakitangatanga. Majuto anasikiliza: neno likimgusa, uso unabadilika kabla hajafungua mdomo, na watu wameshacheka.

Kipimo kikali zaidi kiko Kilosa. Kwa Wakaguru na majirani zao utani una kazi hata msibani, ambako mtani huruhusiwa kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa. Mtani hodari haigizi kila kitu. Anachukua jambo moja, labda namna mzee alivyokohoa kabla ya kuita mtu, au alivyoshika bakora, nalo linatosha kuwachekesha watu machozi yakiwatoka. Anayekulia kati ya watani kama hao, ukimweka kwenye kibanda umiza kutazama filamu, humdanganyi kirahisi. Kijana aliyepakwa mvi, akapinda mgongo na kutetemesha sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, hajawa mzee. Wazee wa Kilosa wanashika jembe, na wengi wao hawatetemeki. Uzee wa kweli uigizwe kwa kitu kimoja kilichochaguliwa vizuri, kisha kiachwe kipumzike.

Usimpime mtu kwa ukubwa wa nafasi yake pia. Mwingereza Judi Dench alipewa Oscar mwaka 1999 kwa filamu ambayo anaonekana dakika chache tu. Baba mkwe anayeingia mara moja, akakaa, akakataa chai, anaweza kuibeba filamu nzima.

Dosari nazo tuziseme. Filamu zetu nyingi hupigwa haraka, hadithi ikiwa nyepesi, na waigizaji wakajaza pengo kwa kelele. Majuto mwenyewe zimo kazi zake ambazo kelele zimezidi utani, na mtazamaji mwenye jicho hatakiwi kuzisifu kwa sababu tu jina lake ni kubwa. Mchukulie pale alipopata mwenzake wa kumjibu na muda wa kunyamaza.

Majuto alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Mchekeshaji mwenzake Mzee Small, yaani Said Ngamba, alikuwa ametangulia mwaka 2014. Kwa vipimo hivi, katika wachekeshaji wetu wa rika lao simwoni wa kuwafikia wawili hao, na Majuto ndiye wa kwanza.